Mayai ya Siku ya Tatu

Ninyi vijana mnaoingia labo leo mnacheka mnaponiona, mama mzee aliyekwisha kustaafu, nikisimama nyuma yenu na kuuliza, "Hiyo saa uliyoandika, uliiona kwa macho yako?" Chekeni tu, mimi sichukii. Lakini leo wekeni vichupa chini kidogo mnisikilize, maana swali hilo lina watu ndani yake, na mmoja wao amekufa.

Mimi ni Kavira. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kufungua duka Masisi nikiwa mtoto, nami nikabaki huku milimani. Nilifanya kazi ya labo katika kituo kidogo cha utafiti pale Nyamitaba, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa mayai ya nyuki. Asali ilikuwa ya wengine. Wamama wa sokoni waliposikia kwamba nalipwa kuokota mayai ya nyuki walinihurumia, wakaniongezea viazi.

Yai la nyuki ni dogo kuliko alama ya mkato unayoweka kwenye sentensi. Ni jeupe, jembamba, na nyuki mama hulibandika kwenye sakafu ya kitundu cha sega. Aliyenifundisha kulisoma alikuwa Papa Bauma, mkulima wa hapo hapo Nyamitaba, mwenye mizinga kuliko mtu yeyote wa mlima ule. Hakuwahi kugusa darubini, lakini aliinamisha sega kwenye jua akaniambia, "Tazama, dada Kavira. Yai ya siku ya kwanza inasimama. Ya siku ya pili inainama. Ya siku ya tatu inalala." Nikaenda kutazama kwa darubini. Ilikuwa hivyo hivyo, na ndani ya yale yaliyolala uliona mwili wa mtoto umeshajipanga, pingili kwa pingili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kitabu. Kitabu kilisema yai la nyuki linaanguliwa baada ya saa sabini na mbili. Nilikwenda mizingani saa ya sabini na mbili kamili, nimevaa glavu, sindano mkononi, nikakuta majana, watoto kama minyoo midogo, wanaogelea kwenye maziwa. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imepotea. Papa Bauma alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Nyuki ya kwetu haingojaka kitabu," akasema. "Kuya mbele ya saa sita."

Tangu hapo mayai ya siku ya tatu tuliyachukua saa ya sitini na sita.

Aliyeyataka mayai hayo alikuwa Profesa mmoja, Mkongomani aliyesomea Ulaya. Siku ya kwanza alitukusanya watu wanne wa kituo, akatueleza polepole. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni zote, maagizo ya kujenga mwili mzima. Agizo likitaka kutumika, linanakiliwa kwanza kwenye RNA, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa. Lakini kuna RNA nyingine, fupi mno, za herufi ishirini na mbili hivi, ambazo hazijengi kitu. Zinatafuta nakala inayolingana nazo, zinaing'ang'ania, na nakala hiyo haisomwi tena. Nyuki mama huweka nakala zake mwenyewe ndani ya yai kabla ya kulitaga, kwa hiyo mwanzoni yai linaishi kwa maagizo ya mama. Halafu inafika saa ambapo ya mama yanafutwa na ya mtoto yanaanza. Profesa alitaka kujua ni RNA fupi zipi zinafanya kazi ya kufuta na kuzuia, na ni saa ngapi.

"Nataka siku ya kwanza, ya pili na ya tatu," alisema. "Mukinikosea saa, munanikosea yote."

Tukatafuta jina la kuziita. Mimi, bila kufikiri, nikasema, "Tuseme RNA kadogo." Chumba kikanyamaza. Mnajua ninyi, kwetu kadogo alikuwa mtoto aliyepewa bunduki. Profesa, aliyekaa nje muda mrefu, alicheka peke yake, akasema jina zuri, fupi. Basi likabaki. Kwenye kaye yangu, daftari la kazi, nikawa naandika "kadogo" kila ukurasa, ili kupunguza maneno.

Kumbukeni jambo moja la kazi kabla sijaendelea. RNA inakufa haraka. Jasho la kidole kimoja linatosha kuikatakata yote. Kwa hiyo sindano tuliichoma motoni kila mara, mikono ndani ya glavu, na mayai yakaingia moja kwa moja kwenye dawa ya kuyahifadhi. Kwenye dawa hiyo, kama si joto kali, yanavumilia wiki moja hivi bila frigo. Frigo yetu ilitegemea mafuta, na mafuta yalitegemea barabara, na barabara zetu mnazijua.

Jumatatu ile ya vita, saa kumi jioni, tulimfungia nyuki mama juu ya sega tupu atage. Jumanne saa kumi nikachukua mayai ya siku ya kwanza, vichupa vitatu. Jumatano saa kumi ya siku ya pili. Mayai yalikuwa mengi, nikajaza vichupa sita, vitatu vya akiba. Ya tatu yalikuwa ya kuchukuliwa Alhamisi saa nne asubuhi.

Jumatano jioni milio ya bunduki nzito ilianza upande wa Kirolirwe. Alhamisi kulipopambazuka mlima wote ulikuwa barabarani: magodoro kichwani, mbuzi, wagonjwa mgongoni. Mimi nilibeba kaye, kioo cha kukuzia na vichupa tisa vilivyojaa. Papa Bauma alibeba mfuko wangu wa vifaa, wenye sindano na vichupa vitupu vya dawa. Alikuwa na mke wake Mama Riziki, na mdogo wake Kalinda, mwanaume mrefu aliyetusaidia kupuliza moshi mizingani.

Tulitembea saa nzima. Mimi nilikuwa nalia, na nawaambia ukweli, sikulilia nyumba. Nilisema kwa sauti, "Saa nne ndiyo saa yao. Tumepoteza siku ya tatu. Miezi yote imekwenda bure." Papa Bauma alikuwa karibu, akanisikia. Nilipogeuka baadaye, yeye na Kalinda hawakuwepo kwenye mstari. Mama Riziki alikuwa anatembea peke yake, anatazama chini.

"Papa iko wapi?" nikamuuliza.

"Alirudia kule mizinga," akasema. "Alisema mayai inafika saa."

Nikasimama. Watu walinipita kushoto na kulia. Nilitaka kukimbia nyuma nimwite, lakini mlipuko ukapiga bonde lote, umati ukatusukuma mbele, nami nikasukumwa pamoja nao. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisukumwa kweli, au nilikubali kusukumwa.

Siku ya tatu ya safari, tukiwa tumekwisha kupita Nyabiondo, tulifika kwenye barieri. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, wanaume wenye silaha wanapekua kila mzigo. Wa kabila gani, wa kundi gani, sikuuliza, na kwenye barieri mtu haulizi. Mmoja alichukua kaye yangu. Alikuwa anajua kusoma, na hilo ndilo lililotaka kuniua. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari:

"Kadogo, Nyamitaba, saa makumi mbili na ine. Kadogo, Nyamitaba, saa makumi ine na munane. Kadogo ya mama. Kadogo ya mutoto."

Alifunga kaye, akanitazama.

"Mama, weye unahesabu bakadogo ba nani?"

Sikuwa nimewahi kulisikia neno lile kutoka kwenye kaye yangu kwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Nikasema, "Hapana, papa, si bantu. Iko ndani ya yai." Nilipojisikia nimesema hivyo, nilijua nimekufa. Mtu gani atakubali maneno hayo?

"Espioni! Mupelelezi!" mmoja akapiga kelele. Nikakalishwa kwenye matope. Watu niliokuwa nao walirudi nyuma, na nafasi ikawa kubwa pande zote. Nikasikia chuma cha bunduki kikivutwa. Mama Riziki peke yake hakusogea.

"Huyu ni mama ya nyuki!" akasema. "Muulize muntu yote ya Nyamitaba. Anaokotaka mayai ya nyuki."

Komanda akaja, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. Nikamwomba anipe nafasi nimwonyeshe. Nilimwaga tone la dawa juu ya kifuniko na yai moja juu yake, nikampa kioo. Alifumba jicho moja. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Iko yai," akasema.

"Ndiyo, komanda."

"Na kadogo iko wapi?"

"Iko ndani. Ni kitu kidogo sana, hata kwa kioo haionekane. Inakatazaka maagizo isisomwe."

Alinitazama, tena kwenye yai. "Hata nyuki," akasema polepole, "hata nyuki balimupatia kadogo ndani ya yai." Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Alichana kurasa zote za kaye zilizoandikwa, akaziweka mfukoni. Kioo akabaki nacho. Vichupa akanirudishia, kwa sababu havikuwa na faida kwake.

Nilitembea siku tatu zaidi nikiwa kama mtu aliyepigwa kichwani. Nililijua neno lile tangu siku ya kwanza. Chumba kizima kilinyamaza, nikaona, na bado nikaliandika.

Walikale tulifika Jumanne. Kule si kama kwetu, kuna msitu na joto, nguo inashika mgongoni. Nilizika vichupa kwenye mchanga wenye maji ndani ya chungu, ninaumwagilia kila saa ili ubaki baridi. Mwalimu mmoja alitupokea nyumbani kwake, mimi na Mama Riziki. Habari za Papa Bauma hazikuwepo. Watu waliofika nyuma yetu walisema mlima wa Nyamitaba uliwaka, na aliyerudi kule asingojewe.

Jumatano nikapata mtandao, nikampigia Profesa. Alifurahi kunisikia mpaka sauti yake ikakatika. Halafu akauliza swali moja.

"Kavira, una siku zote tatu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hakuna aliyenishikia bunduki wakati ule. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojibu salamu. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kwenye kifo, nilitaka mtu mmoja aniambie nimefanya vizuri. Naye akaniambia.

Alhamisi mchana ndege ndogo, moja ya zile zilizokuwa zikitua barabarani kuchukua madini, ilikuwa inarudi Goma, na rubani alikubali kubeba kifurushi cha Profesa, kisafirishwe hadi kwenye mashine zake Ulaya. Asubuhi ile nilitoa vichupa vitatu vya akiba vya siku ya pili. Nikabandua etikete zake, vile vikaratasi vya saa. Nikaandika mpya kwa mwandiko wangu mzuri: saa sitini na sita. Kurasa za kaye zilikuwa mfukoni mwa komanda, nani angejua? Ndege ikaruka. Nikala ugali na sombe vizuri kabisa.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa nafua nguo uani nikasikia Mama Riziki akipiga kelele bila maneno. Nikazunguka mbele ya nyumba. Papa Bauma alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, midomo imepasuka, kibuyu kimefungwa kifuani kwa kitambaa. Nilidhani naona mzimu, nawaapia. Akafungua kibuyu, akatoa majani ya mgomba yaliyolowa, na ndani ya majani vichupa vitatu.

"Saa ine kamili," akasema. "Yote ilikuwa imelala. Glavu ilikosa, nikavaa sashe ya plastiki kwenye mikono. Sindano nilipitisha kwenye moto."

Mnafikiri nilifurahi? Nilisimama na sabuni mikononi, na wazo la kwanza lililoniingia, kabla hata ya kumshukuru Mungu kwamba yu hai, lilikuwa hili: vichupa hivi vikionekana, uongo wangu utaonekana. Nikavipokea, nikasema asante. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupima umbali kutoka uani hadi mto Lowa. Kuvitupa kungechukua dakika chache tu.

Nikavichukua, nikasema navipeleka kwenye mchanga. Mama Riziki akanifuata mpaka kwenye chungu. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mume wake ndani.

"Hakukuambia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Kalinda."

Haya ilinishika: nilikuwa sijamuuliza hata Kalinda yuko wapi.

"Balikuwa bamemaliza," Mama Riziki akasema. "Chupa ilishafungwa. Balikuwa banashuka. Balimupiga kutoka juu ya mulima, risasi moja. Papa alimuzika pembeni ya mizinga, na jembe ya kupalilia pale. Njo maana alikawia. Hakutaka kukuambia, alisema utatupa chupa sababu ya uchungu."

Nilikaa chini kwenye mchanga ule wa maji. Mikononi nilishika mayai yaliyolala, saa sitini na sita za kweli, na angani uongo wangu ulikuwa unaelekea Ulaya ukiwa na saa hiyo hiyo imeandikwa juu yake. Mtu alikufa kwa sababu ya saa niliyoitaja kwa sauti barabarani. Nami niliyeitaja nilikuwa nimeona inatosha kuiandika tu kwenye karatasi.

Siku hiyo hiyo nilijaribu kumpigia Profesa, lakini mtandao ulikuwa umekatika, nikampata baada ya wiki tatu. Hakukuwa na njia nzuri ya kusema. Nikasema, "Vichupa vya siku ya tatu si vya siku ya tatu. Ni mimi niliyebadilisha."

"Kwa nini unaniambia?" akauliza.

Nikamwambia habari ya Kalinda. Akakata simu.

Vya kweli nilikuwa nimeshaviweka kwenye ndege iliyofuata, vikangoja kwenye frigo Goma. Yale yaliyotokea baadaye niliyapata kwa barua. Ofisi ya kituo ilinisimamisha kazi mwaka mzima, na ilikuwa haki yao. Vichupa vya uongo vilikuwa vimeshasagwa na kusomwa kabla watu wa Ulaya hawajapata ujumbe. Profesa aliniandikia kwa mkono: mashine ilikuwa imemwonyesha kwamba siku ya pili na ya tatu RNA fupi ni zile zile, hakuna kinachobadilika. "Nilikwisha kuamini," aliandika. "Nilikuwa nimeanza kuwafundisha wanafunzi wangu." Uongo wangu haukuwa umebaki kwenye kichupa. Ulikuwa tayari darasani, kwenye daftari za watoto wa watu.

Vile vya Papa Bauma, kimoja kiliharibika kwa joto la njiani. Viwili vilisomeka. Siku ya tatu haikufanana na ya pili hata kidogo. Zile RNA fupi alizoziacha mama zilikuwa zimepungua karibu zote, na nyingine zilikuwa zimepanda, za mtoto mwenyewe, zile zinazofanya kazi wakati viungo vinajipanga. Profesa alisema hakuwahi kuona picha ya wazi namna ile.

Vita ilipotulia kidogo, nilirudi Nyamitaba. Nilimkuta Papa Bauma anaunganisha mbao za mizinga mipya. Nilimweleza mashine ilivyosoma, naye alisikiliza akiwa ameshika msumari mdomoni. Halafu nikamweleza lile lingine, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia kwamba siku aliyoingia Walikale, nilikuwa nimeshatuma mayai mengine na kuandika saa ya mayai yake juu ya vichupa.

Alitoa msumari mdomoni. Akatazama upande wa mizinga iliyoungua, pale pembeni palipopandwa maua.

"Kama miye singefika," akauliza, "ungemuambia Profesa?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, mazuri, ya kanisani. Niliyaacha.

"Hapana, Papa," nikasema.

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea habari ya msiba aliyokuwa akiihisi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo mpaka nikaanza kufikiri niondoke. Alipotoka alikuwa na kofia mbili za wavu. Moja akaivaa. Nyingine akanipa, akatangulia kwenye njia ya mizingani.

Kwenye ukanda wa ndani wa ile kofia palikuwa na jina limeshonwa kwa uzi mwekundu: Kalinda. Niliivaa, nikamfuata.